Kaniki ukutani

Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tatu, ndiye aliyetoa hukumu ya kwanza. Alirudi shule mchana, akasimama kizingitini mkoba ungali mgongoni, akautazama ukuta, akaitazama sketi yake, akautazama tena ukuta.

"Mama mdogo, chumba chako kimevaa sare."

Sikuwa na la kujibu. Nilitaka rangi ya wingu la masika, ile buluu iliyolala na jivu mpaka huwezi kusema ipi ni ipi. Nikaletewa sketi ya shule ya msingi. Ukuta mmoja na nusu ulikuwa umeshapigwa, na fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai kimya kimya, kwa kuwa yeye alishanionya tangu asubuhi: "Dada, hii ikikauka itakuja buluu tupu."

Nyumba ni ya marehemu bibi, mama yake mama, iko Ngamiani, hapa Tanga, kwenye zile barabara zetu za namba. Ni nyumba ya Kiswahili kama unavyoijua: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma wenye jiko na choo. Niliporudi kutoka Dar es Salaam nilipewa chumba cha mbele, cha bibi mwenyewe, ambacho dirisha lake linatazama uwanja wa mchanga na bati jipya la jirani. Kilikuwa na rangi ya krimu. Sijui kama kuna mtu Tanga aliyewahi kuichagua krimu. Nadhani huja yenyewe, kama vumbi.

Kazi yangu ni mahesabu, natazama kompyuta kutwa. Ikifika saa saba mchana, jua likiwa utosini, mwanga unapiga mchanga, unapiga bati, unaingia dirishani, na ukuta wa krimu unanirudishia wote usoni. Nilitundika pazia zito. Chumba kikawa na lile giza la pazia, ambalo si giza wala si mwanga, na feni ikawa inazungusha hewa ileile. Ndipo nikaanza kuwaza: badala ya kuuzuia mwanga dirishani, kwa nini nisiuache uingie, halafu ukuta uumeze?

Tumezoea kuambiwa kwamba chumba kidogo kipakwe rangi nyeupe ili kionekane kikubwa. Mimi sikuwa na shida na udogo wa chumba. Shida yangu ilikuwa kelele yake.

Nilipotangaza nia, baraza zima lilikuwa na neno. Mama alitangulia: "Chumba cheusi? Kwani tuna matanga?" Nikamwambia si nyeusi. Akasema hayo nikamwambie fundi.

Shangazi alileta hoja ya joto, na hapo nilidhani nina jibu. Rangi nzito hunywa mwanga na kuugeuza joto, ni kweli, ndiyo maana paa jeusi huunguza. Lakini ukuta wa ndani haupigwi na jua. Unaufikia mwanga uliokwisha kudunda mara mbili tatu na kuchoka. Kinachochemsha vyumba vyetu ni bati lililo juu ya siling bodi na upepo uliokosa pa kutokea. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa heshima, akasema kitakuwa na joto.

Jirani yetu, mzee mvuvi anayeshushia samaki kwenye diko la Deep Sea, alisema mbu. Huyu alinishinda. Mbu hupenda kutua penye kiza, na juu ya ukuta mzito huwezi kumwona. Kwenye krimu ya bibi nilikuwa nawahesabu kabla ya kulala na kuwamaliza kwa kandambili. Siku hizi najua tu kwamba wamo. Nimesoma pia kwamba mitego ya mbung'o hushonwa makusudi kwa vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa hiyo rangi yangu ina wapenzi wengi miongoni mwa wadudu. Alhamdulillahi mbung'o hawafiki Ngamiani.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuitaja rangi yenyewe. Dukani unaulizwa, "Rangi gani?" Ukisema kijivu, unaletewa ya saruji. Ukisema buluu, unaonyeshwa bahari ya kwenye kalenda. Samawati ni ya anga, nyepesi mno. Wenzetu huko mtandaoni hawana dhiki hii. Kampuni ya Farrow & Ball ya Uingereza inayo moja, namba 26, iitwayo Down Pipe, yaani lile bomba linaloteremsha maji ya mvua kutoka paani, na nyingine, namba 31, iitwayo Railings, vyuma vya uzio. Nilicheka sana. Rangi ya bei ya kutisha imepewa jina la mfereji! Halafu nikanyamaza, maana wamefanya jambo la akili: wametazama kwao, wakakuta kitu chenye rangi ile kimesimama nje ya mlango, wakakitaja.

Kwetu kitu hicho ni nini? Nilimuuliza fundi, akajibu bila kufikiri: mgongo wa jodari. Jibu zuri. Jodari akitoka tu majini ana buluu nzito mgongoni inayoteremka kuwa jivu ubavuni. Ila mwache juani kidogo tu, uone kama utaipata tena.

Mama ndiye aliyelipata jina, na wala hakukusudia kunisaidia. Nilimwekea picha za vyumba vya watu kwenye simu, akazitazama moja moja, akanirudishia simu. "Unataka kulala ndani ya kaniki."

Kaniki! Kwa mdogo wangu ambaye hajawahi kuishika: kabla kanga hazijaishika pwani mwishoni mwa karne ya 19, nguo za kawaida huku zilikuwa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyokuja na meli za Wamarekani, na kaniki, pamba iliyozamishwa kwenye nili mpaka ikakaribia weusi, nyingi ikitoka India. Kaniki ilikuwa nguo ya mtumwa na ya fukara, kisha ya mkulima. Waganga nao wana yao. Bibi alikuwa na yake ya kwendea shamba, na mimi naikumbuka ikiwa imeanikwa kwenye kamba uani. Pale kiunoni ilipokunjwa ilibaki nyeusi kama siku ya kununuliwa. Kwenye pindo, ambako jua na sabuni vilifika kila wiki, ilikuwa imegeuka rangi ya moshi unaouona mbali juu ya mashamba ya mkonge. Watu husema kaniki hata uifue vipi haitakati. Haitakati, sawa. Lakini inafubaa, na huko kufubaa ndiko nilikokuwa nakutafuta kwenye makopo ya dukani.

Kwa mama haikuwa sifa. Niliuliza kwa nini anaichukia hivyo, naye akanieleza jambo ambalo sikulifikiria. Utotoni mwao nyumba hii ilikuwa na koroboi. Moshi wa koroboi ulipanda ukutani ukaacha ulimi mweusi juu ya kila pembe iliyowekwa taa, na kila mwaka kabla ya Ramadhani watoto walipewa ndoo ya chokaa wakapake. Siku nyumba ilipoingizwa umeme, babu alipaka rangi ya dukani kwa mara ya kwanza, na ukuta haukuona tena masizi. Sasa binti yake amesoma, ana mshahara, anamlipa fundi aurudishe ukuta kwenye masizi.

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Kisha nikamwita fundi. Kila mtu na koroboi lake.

Ile sare ilitokana na kosa la duka, na kwa kuwa wengine watalikuta nalieleza. Walichukua rangi ya maji nyeupe ya kawaida wakaimwagia buluu na nyeusi. Nyeupe hiyo inapata weupe wake kwenye unga wa madini ya titani, nao ni mkaidi: hata uumwagie nini, maziwa yanaibuka. Kijana wa dukani alipoona haifiki, akaendelea kutia buluu. Rangi nzito hutengenezwa kwa besi yake maalumu, isiyo na weupe huo au iliyo nao kidogo mno. Ukifungua ndoo ya besi hiyo utaona kama uji mwepesi, utadhani umeibiwa.

Fundi alinipeleka duka jingine. Tulirudi na ndoo ya besi na vichupa vya rangi za kuchanganyia: nyeusi, buluu, na moja ya wekundu wa udongo. Tulichanganyia uani chini ya mwembe. Kipimo chake kilikuwa kifuniko cha kichupa. Anatia kifuniko kimoja cha nyeusi, anakoroga kwa fito taratibu ili isifanye povu, anachovya kidole, anapaka kwenye kipande cha siling bodi, anakianika juani, anavuta sigara nusu. Rangi ya maji ikiwa mbichi huwa na ukungu wa maziwa, ikikauka huzama, kwa hiyo hukumu haitolewi kwenye ndoo. Alirudia mara sita. Kipande cha ubao kikawa na alama sita za kidole, kutoka wingu jepesi mpaka usiku. Ya tano ilikuwa karibu kabisa, lakini bado ilinipigia kengele ya shule. Fundi akaitazama, akafungua ule wekundu, akadondosha matone matatu tu. "Hii ni ya kuiua," alisema. Akakoroga, akapaka, tukangoja.

Ilikuwa kaniki ya bibi, pale katikati ya kiuno na pindo.

Nimeandika idadi ya vifuniko kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya mlango wa kabati. Rangi iliyochanganywa kwa mkono usipoiandika, hutaipata mara ya pili hata kwa dua.

Ukwanguaji sitauongelea sana. Ni siku mbili za vumbi na msasa. Lakini chini ya krimu tulikuta kijani cha maji, chini yake waridi ambayo hakuna anayekiri kuichagua, na chini kabisa chokaa yenye ubuluu wa mbali. Mama aliitambua: enzi zao chokaa ilitiwa nili kidogo, kama ile ya kusuuzia nguo nyeupe, ili weupe upige zaidi. Kwa hiyo mimi sikuwa wa kwanza kuleta nili chumbani humo. Nilimwambia hivyo, akajifanya hakusikia.

Tulipiga mikono mitatu, ya kufifia, isiyong'aa. Rangi ya mafuta ingekuwa rahisi kufuta, lakini kwenye ukuta mzito mng'ao huonyesha kila wimbi la lipu, na ungeniletea ule mkanda wa chini wa zahanati. Isiyong'aa ina adhabu yake: ukipitisha bega au kidole inaacha alama ya kulainika isiyotoka. Ukuta wa kando ya kitanda tayari una ramani.

Usiku wa kwanza niliwasha taa, nikataka kulia. Ilikuwa ile taa ya mrija, nyeupe, katikati ya dari. Ukuta ulikuwa wa bati. Chumba kizima kilikuwa kama duka la simu lililofungwa. Kesho yake nikatazama boksi za balbu, kitu ambacho sikuwahi kufanya maishani: ya mrija ilikuwa Kelvin 6,500, weupe wa mchana. Nikanunua mbili za 2,700, za manjano, nikaziweka chini, moja kando ya kitanda na moja juu ya sanduku la bibi, taa ya dari nikaizima moja kwa moja. Ukuta ukarudi nyuma ukatulia. Mbao za samadari, ambazo kwenye krimu zilikuwa kahawia tu, zikatoka kama zimepakwa nazi. Mkeka wa ukindu ukawaka. Ukuta mzito una faida hiyo moja kubwa: kila kilicho mbele yake kinapandishwa cheo. Ukiwa na vitu vingi vya hovyo, navyo vinapandishwa, kwa hiyo nilitoa nusu ya vyombo vyangu siku hiyohiyo.

Saa ninayoipenda ni magharibi, kati ya adhana na kuwasha taa. Wekundu wa mkeka unakufa kwanza, na ukuta, badala ya kuwa mweusi, unazidi kuwa buluu. Nilidhani ni macho yangu. Ni macho, kweli, ila ni ya kila mtu: mwanga ukipungua, jicho linaacha wekundu mapema na kubaki likiiona buluu. Mtaalamu mmoja wa Kicheki, Jan Purkinje, aliliona jambo hili mwaka 1819 akitazama maua alfajiri. Mimi nililiona nikitafuta kandambili.

Hiyo ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, kila kitu kikavu. Fundi alikuwa ameugonga ukuta wa upande wa kusi kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akasema, "Huu una maji." Nikamwambia apake tu. Hilo ni kosa langu, silipeleki kwa mtu.

Masika yaliingia, na kufika Mei ule ukuta ulikuwa umeota. Kwanza vidoa vidogo vyeupe, kama mtu amenyunyiza unga. Kisha mabaka. Kisha rangi ikavimba na kupasuka, na kila kwenye mpasuko kulikuwa na manyoya meupe laini, ukiyagusa yanamong'onyoka. Nilifuta kwa kitambaa cha maji. Yalitoweka, nikafurahi, baada ya siku tatu yakarudi na ndugu zao.

Yule mzee mvuvi alikuja kuniletea samaki, akachungulia dirishani, akacheka mpaka akakohoa. "Umemfuga silikanti humu ndani!"

Kwa asiye wa huku, silikanti ni yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani alikwisha pamoja na dinosaria, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu alianza kupanda kwenye jarife za wavuvi wa Kigombe na vijiji jirani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Aliyemwona kwenye dawa ya kuhifadhia humjua kwa ukahawia, kwa sababu rangi yake haidumu. Akiwa hai ana buluu ya jivu, nzito, na mabaka meupe mwili mzima. Nilikwenda kutazama picha, nikarudi kuutazama ukuta. Mzee hakukosea hata baka.

Fundi alikuja, akakwangua kidogo kwa kisu, akaweka ulimini. "Chumvi." Akabomoa lipu mpaka usawa wa kiuno, na hapo hadithi ikajulikana. Ukuta wa asili ni wa mawe na udongo na chokaa. Miaka ya nyuma mjomba, kwa nia njema, aliufunika kwa lipu ya saruji iliyochanganywa na mchanga wa ufukweni, kwa kuwa ulikuwa wa bure. Mvua za kusi hupiga upande ule, maji yanaingia, yanayeyusha chumvi ya mchanga, halafu yanatafuta pa kutokea. Saruji na rangi ya plastiki vimeziba. Maji yanajipenyeza, yanakauka usoni pa ukuta, chumvi inabaki na kukua kama sukari gubiti, inaisukuma rangi. Kufuta kwa maji ni kuiyeyusha na kuirudisha ndani ilale. Huondolewa kwa brashi kavu, basi.

Na haikuanza na rangi yangu. Ilikuwapo miaka yote. Nyeupe juu ya krimu, nani angeiona? Bibi alikuwa akilalamika tu kwamba nguo zilizotundikwa ukuta ule zinapata vumbi.

Tulirudi kwenye chokaa. Jiwe la chokaa linachomwa mpaka joto la nyuzi 900 hivi, linazimwa kwa maji, linakuwa uji, nao ukipakwa ukutani unavuta hewa na kurudi kuwa jiwe, jiwe linalopumua. Fundi alipiga lipu mpya ya chokaa na mchanga wa mto, tukaiacha wiki kadhaa, kisha akapaka chokaa nyepesi mikono mitano. Rangi tulitia unga mweusi wa kuwekea sakafu na ile buluu ya kufulia, kwa sababu si kila buluu huvumilia ukali wa chokaa. Nyingine huoza ikawa kutu. Tatizo ni kwamba chokaa haikubali rangi nyingi. Ukizidisha, inashindwa kuishika na inakutoka mkononi kama chaki. Tena ikiwa mbichi ni nzito ya kupendeza, ikikauka inapauka mpaka unadhani umedanganywa.

Kwa hiyo sasa nina kuta tatu za kiuno cha kaniki na mmoja wa pindo. Wageni huuliza kama nilipungukiwa na rangi. Shati jeupe likigusa ukuta ule linaondoka na kumbukumbu, na mtoto wa dada amegundua kwamba anaweza kuandika jina lake kwa kidole. Masika mengine yamepita. Ukuta ulitia giza kwa unyevu, ukakauka, haukuota.

Kwenye ndoo zilibaki kama lita moja na nusu za ile ya vifuniko. Wiki iliyopita nilizikosa. Nikamkuta mama uani, kanga kiunoni, anapaka mlango wa choo. Nikamwambia hiyo ni rangi ya maji, ya ndani, kwenye mbao za nje haitamaliza vuli. Akachovya brashi, akasema nimpishe, namzibia mwanga.